Mashine za useremala zimelala karakana? Ziondoe bila kuzitupa kwa bei ya kilo

Kama una karakana ya mzee, au ya kwako mwenyewe, ambayo randa (mashine ya kunyoosha uso wa mbao), thikinesa (ya kusawazisha unene wa mbao), bendiso (msumeno wa mkanda) na mashine ya kukereza zimekaa miaka hazijawashwa, zimefunikwa turubai na juu yake pamerundikwa magunia na baiskeli mbovu, basi kabla hujafanya lolote shika mambo mawili. Usianze kwa kumuita mtu wa vyuma chakavu, na usiruhusu mtu yeyote afungue mota. Naumia sana nikiona mashine nzima ya chuma kizito inavunjwa kwa nyundo ipakiwe kwenye kirikuu wakati mtaa wa pili kuna fundi kijana anapanga foleni kulipia kupigiwa randa mbao zake kwa jirani.

Mota ndo huwa inaondoka kwanza, kila mahali ni hivyohivyo. Shemeji anaiomba kwa ajili ya pampu, mwingine anaitaka kwenye mashine ya kusaga, nyumbani wanaona si imekaa tu acha aichukue, na siku mnunuzi anakuja anakuta chuma kinachomtazama tu, hawezi kukiona kikizunguka, na mtu asichokiona kikizunguka anakilipia kama skrepa. Kwa iyo mota ibaki pale ilipo hata kama unadhani imeungua, mota iliyoungua inasukwa upya na mafundi wapo kila mji, ila zile bati za kushikia, puli na boliti zake zikishapotea kuzichongesha upya ni hela nyingine.

Alafu kabla ya bei, jiulize hii mashine ni ya nani. Kama mwenye mali ametangulia mbele za haki na mirathi haijafunguliwa, tulia kwanza. Anayeruhusiwa kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa, sio anayekaa kwenye nyumba, sio aliyeshika ufunguo wa karakana. Familia nyingi zinaanza mirathi mahakama ya mwanzo na kazi inaenda vizuri tu kama kikao cha ukoo kimekubaliana. Ukiuza kabla, baba mdogo akitokea mwaka ujao na kusema kwenye ile randa kulikuwa na hela yake, wewe ndo utakayehangaika na mnunuzi wa watu. Vilevile kama mashine iliwekwa dhamana ya mkopo, malizaneni na mkopeshaji kwanza. Na kama ni mali ya shule ya serikali au halmashauri hapo usiguse kabisa, kuna utaratibu wake wa kufuta mali na kuuza kwa mnada.

Mambo ya umiliki yakiwa safi, tafuta vipande. Hii ni kazi ya siku nzima na ndo inayolipa kuliko zote. Fensi ya msumeno, ile ya kuongozea mbao, mara nyingi imeegeshwa nyuma ya mlango, funguo za kufungia visu zipo kwenye kopo la rangi pamoja na misumari, gadi (kinga ya visu au bledi) ilifunguliwa zamani ikawekwa darini kwa sababu fundi aliona inamchelewesha, visu vya akiba vimefungwa kwenye gazeti lenye grisi. Kusanya kila kitu, kila mashine na boksi lake, andika juu kwa makapeni. Hata kile usichokijua ni nini kiweke, mnunuzi anayejua atakuambia. Bendiso bila vile vishikio vya kuongozea bledi (mafundi wanaviita gaidi) au spindo, mashine ya kuchonga kingo za mbao, bila ringi zake inashuka bei vibaya sana, maana vitu hivyo kwa mashine ya zamani huendi dukani ukavikuta.

Sa hapo futa kibati cha jina, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu, usikwangue. Kibati ndo cheti cha mashine. Ukikuta Wadkin ya Leicester (hawa jamaa walianza mwaka 1897), Robinson ya Rochdale, Sedgwick ya Leeds, au SCM ya Italia, jua umeshika kitu chenye watu wanaokitafuta kwa jina. Wadkin hasa, mpaka leo Uingereza kuna watu wanazifufua na kubadilishana vitabu vyake vya maelekezo, kwa iyo ukiwa na herufi za modeli na namba ya mashine mnunuzi anaweza kupata mchoro wa vipuri. Piga picha kibati cha mashine, alafu kibati cha mota ambacho ni kingine na kina maneno yake: volti, ampea, kilowati, mizunguko kwa dakika, na hezi (Hz). Mota iliyoandikwa 2.2 kW ndo ile tunayoita hospawa 3. Ikiwa imeandikwa 380, 400 au 415 volti na hezi 50 basi ni ya fezi tatu na umeme wetu inaukubali. Ila kuna mashine zilikuja kwenye makontena kutoka Marekani, zimeandikwa volti 110 na hezi 60. Hizo ukizichomeka kwenye 230 yetu unaichoma mota hapohapo, na hata ukiiwekea transfoma bado itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita kwa sababu ya hezi. Mwambie mnunuzi ukweli huo mapema, fundi mzuri atabadilisha mota au puli na maisha yanaendelea.

Baada ya hapo iamshe. Mashine inayowaka na ambayo haijulikani kama inawaka zina bei mbili tofauti kabisa hata kama ni pacha. Lakini usifike tu ukabonyeza swichi baada ya miaka yote hiyo! Chomoa umeme kabisa, vaa barakoa, puliza vumbi lote kwenye mota na kwenye boksi la swichi. Vumbi la mbao sio la kuchezea, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, na vumbi la mninga au mkongo lililokaa miaka kumi ni laini linaingia mpaka ndani kifuani. Usioshe kwa maji. Toa mikanda, zungusha shafti kwa mkono polepole ukiwa umefunika au umetoa visu, sikiliza. Ikizunguka kimya na laini, sawa. Ikikwaruza kama kuna mchanga ndani basi ni beringi, na beringi sio mwisho wa dunia, namba imeandikwa pembeni yake, 6205, 6306, unaenda nayo dukani unapata. Mkanda nao ukiwa umepasuka angalia upana wa mgongo wake, milimita 13 ni A, milimita 17 ni B, unanunua unaufunga.

Mota iliyokaa sehemu yenye unyevu muite fundi umeme aipime kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja ndani ya mota) ya volti 500 kabla ya kuiwasha. Ikisoma chini ya megaohmu 1 isiwashwe, ikaushwe kwanza ipimwe tena. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tano na ndo tofauti ya mota nzima na mota ya kwenda kusukwa.

Kutu kwenye meza sasa. Hapa ndo mashine nyingi zinaharibiwa na mtu mwenye nia nzuri kabisa. Anaona meza ya randa imekuwa nyekundu, anachukua grinda anaweka diski ya msasa anaing'arisha mpaka inawaka kama sufuria mpya, na hapohapo ameua mashine, kwa sababu meza ya randa kazi yake ni kuwa bapa na grinda inachimba vibonde ambavyo jicho halivioni ila mbao itavionyesha siku ya kwanza kupita. Mnunuzi anayejua ataweka rula ya chuma juu ya meza, atainama usawa wa macho kuangalia mwanga unapita wapi, na akiona mawimbi anaondoka bila hata kuuliza bei. Njia sahihi ni mafuta ya taa, unamwaga kidogo unaacha yalale usiku, asubuhi unafunga msasa wa maji namba 320 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka unasugua kwa urefu wa meza, unafuta, unarudia. Utabaki na madoa meusimeusi, yaache, hayana shida yoyote. Malizia na oili nyepesi. Na tafadhali usipake rangi mpya. Mtu akiona rangi mbichi juu ya mashine ya zamani anajiuliza kuna ufa gani umefichwa, na mara nyingi kibati cha jina nacho kinakuwa kimepakwa humohumo.

Siku ya kuwasha simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa visu. Ikizunguka kinyume usiogope, kwenye fezi tatu fundi anabadilishana waya mbili tu inageuka. Iache itembee dakika kadhaa, shika beringi kwa nje usikie joto. Alafu rekodi video kuanzia ikiwa imezimwa, watu wasikie inavyoanza. Kuna kitu wauzaji makini wanafanya, wanasimamisha sarafu kwa ukingo juu ya meza mashine ikiwa inazunguka, ile ya shilingi 500 inafaa, na isipoanguka hiyo video ni tangazo tosha, hata mnunuzi wa Mbeya atatuma nauli.

Lakini kuna mashine ambazo hazitakiwi kuuzwa zifanye kazi, hata kama zinawaka, na hapa siwezi kulainisha maneno. Randa ya zamani yenye kichwa (ile shafti inayobeba visu) cha mraba badala ya duara ni hatari, pengo kati ya kichwa na meza ni kubwa, kidole kikiteleza kinafuata na mkono. Uingereza walivipiga marufuku vichwa hivyo kwenye randa za kusukuma mbao kwa mkono tangu kanuni za mwaka 1922! Kichwa chochote chenye ufa, hata wa unywele, nacho kimekufa. Msumeno uliochomelewa mtaani bila gadi wala kisu cha kutenganisha mbao nyuma ya bledi, gurudumu la bendiso lenye ufa, hivyo vyote ama virekebishwe na mtu anayejua, ama viuzwe chuma baada ya kuharibiwa makusudi, yani kile kichwa unakikata na grinda ili asije mtu akakiokota skrepa akakifunga tena. Kila ukipita karakana za mbao unakutana na mafundi wenye vidole pungufu, na wengi wao waliviacha kwenye mashine za namna hii.

Tuje kwenye bei. Sakafu ya bei yako ni skrepa jumlisha mota. Kwa mfano tu, mashine ina kilo 400 na mtaani kwenu chuma kinanunuliwa shilingi 800 kwa kilo, hiyo ni 320,000, hapo ongeza bei ya mota nzima peke yake kama inavyouzwa na wauza mota za mtumba. Chini ya hapo hakuna sababu ya kuuza mashine kwa mtu yeyote. Dari yake ni bei ya mashine mpya ya Kichina yenye upana huohuo, ulizia maduka ya Gerezani Kariakoo au muombe mtu akuulizie. Ya kwako itakaa katikati, na inapanda kuelekea juu kama ni chuma kizito, inawaka, ina vipande vyote na ina jina. Dalali akikuambia bei, jua ana cha juu chake humo ndani, sio dhambi, ila mkubaliane mapema na kwa maandishi bei ya kwako ni ipi na yeye anachukua ngapi.

Nani ananunua? Inategemea mashine. Keko pale Dar kuna mafundi samani wengi na bendiso haikai, kwa sababu fremu za sofa zina mikunjo. Randa, thikinesa na misumeno ya kuchana soko lake zuri lipo kwenye mbao za paini, Mafinga, Sao Hill, Makambako, Njombe, kule watu wanataka kuongeza thamani sio kuuza mbao ghafi kila siku, na wengi wamechoka na mashine nyepesi. Mashine ya kukereza ni ya taratibu, vitanda vya miguu ya kukereza havitoki kama zamani, ila wachonga matendegu na wauza vinyago bado wapo, subira tu. Kwa walioko Kenya, Gikomba na mafundi wa Ngong Road ndo pa kuanzia. Weka tangazo kwenye magrupu ya mafundi ya WhatsApp na Facebook, na andika kama mtu anayejua anachouza, sio "mashine nzuri sana inauzwa karibu inbox". Andika hivi:

"Nauza thikinesa inchi 12, chuma kizito, mota 2.2 kW fezi tatu, inawaka, video ipo. Visu seti mbili, funguo zote zipo. Rola ya nyuma imechoka, beringi moja inalia. Ipo Morogoro mjini, kenta inafika mpaka mlangoni. Bei milioni 1.8, maongezi yapo ukishaiona."

Ona hapo kasoro zimetajwa. Hiyo inakuokolea simu thelathini za watu wa kupoteza muda, na anayekuja anakuwa ameshakubali ile rola kabla hajapanda basi, hawezi kuifanya sababu ya kukukata laki nne akiwa amesimama mlangoni. Bei nilizoweka ni za mfano, za kwako zitoke kwenye hesabu tuliyofanya. Fezi tatu itaje wazi, maana mwenye umeme wa kawaida nyumbani atahitaji inverta ya kugeuza fezi moja kuwa tatu, au kubadilisha mota.

Mnunuzi akija muwashie mwenyewe, apitishe mbao yake. Hela ikitumwa kwa simu usiamini meseji anayokuonyesha kwenye simu yake wala meseji iliyoingia kutoka namba ya kawaida, angalia salio lako mwenyewe, M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, ndo mashine ipakiwe. Andikeni karatasi, jina la mashine na namba yake, imeuzwa kama ilivyo, sahihi na shahidi, nakala ya kitambulisho cha NIDA. Kama ni karakana yenye TIN, toa risiti ya EFD, usipige mkato hapo.

Kuhamisha ni kazi ya watu wenye akili sio watu wengi. Mashine ya kasti (chuma cha kumimina) ya inchi 12 inaweza kupita kilo 500, na kasti haipindi, ikidondoka inakatika na hakuna wa kuichomelea ikarudi sawa. Teremsha meza ya thikinesa mpaka chini, fungua vinavyofunguka, funika visu kwa maboksi mazito, inua kwa mtarimbo kidogokidogo huku unaingiza vipande vya mbao, alafu vipande vitatu vya bomba la chuma chini yake na unaisukuma. Mbele ya mashine asikae mtu, na mguu wa mtu usiwe chini hata sekunde moja. Usiinue kwa kushika meza wala shafti, inua kwenye kitako. Bendiso uzito wake upo juu, iko radhi kuanguka muda wowote, ifungwe kwenye kenta ikiwa imesimama, pande nne, kwa mikanda ya mizigo, sio kamba ya katani. Cheni bloku ikikodishwa kodi, ni hela ndogo kuliko mguu.

Kama hutaki kuuza, kuna vyuo vya VETA na karakana za misheni zinazofundisha vijana useremala, Peramiho na Ndanda kwa mfano wana historia ndefu ya karakana. Ila piga simu kwanza uulize wanahitaji nini na kibati kinasemaje, usiwapelekee mzigo wa chuma kibovu kwa jina la msaada.

Kilichobaki baada ya yote hayo ndo kiende skrepa, na hapo nako usiende kichwakichwa. Mota iuzwe kivyake kwa sababu ndani ina shaba, bushi za brasi kivyake, aluminiamu kivyake, chuma mwishoni. Mwaga oili ya gia boksi kwenye dumu, sio mtaroni. Kapasita kubwa za zamani sana usizipasue wala kuzichoma, baadhi zina mafuta ya PCB, kemikali yenye sumu, ambayo dunia ilikubaliana kuyaondoa kwenye mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Muulize mnunuzi kibali chake cha kukusanya chuma chakavu, anatakiwa awe nacho. Na mizani yake ijaribu kwa mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, huo ni kilo 50, ukisoma 43 mwambie asante na umuite mwingine.

Mashine zikishatoka, zile boliti zilizobaki zimechomoza kwenye sakafu zikatwe siku hiyohiyo, ni ndefu na watoto wanacheza humo. Waya zilizoning'inia fundi umeme azizime kwenye mein swichi na azifunge, asiziache na tepu tu. Na kama karakana haitarudi kazini, ongea na TANESCO kuhusu ile laini ya fezi tatu kabla hujapangisha chumba.